Alama Niliyokuambia Uifute

Wafula, mwanangu,

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako, na kwa ninavyowajua hutarudi kabla chakula hakijapoa. Begi lako liko mlangoni. Sikulifungua kuangalia umebeba nini. Kama umesahau blanketi, Kisumu kuna joto, utaishi. Habari za kula, kufua na kuamka mapema sitaziandika hapa, maana nimeziimba miaka yote hii na zile ulizotaka kuzishika ulishazishika.

Nimechoka leo. Nimetoka kwenye mkutano wa chama chetu cha kuzikana, kisha nikapitia kwa Mama Rukia, na miguu imevimba. Lakini kesho asubuhi kutakuwa na haraka, na mimi nikiwa na haraka husema mambo ya kijinga, wewe unalijua hilo kuliko mtu yeyote. Kwa hiyo naandika. Unaondoka hapa Mbotela na lawama ambayo si yako. Mtaa mzima umeamini mpaka leo ni wewe uliyefanya watu wakose kumzika Mzee Athumani. Wewe unajua si wewe, na mimi najua. Tumeishi na jambo hilo chumba kimoja tangu kabla ya Ramadhani, tukipishana kama wapangaji wasiosalimiana, na hakuna aliyelitaja.

Najua pia unachokitarajia: kwamba mama yako, kwa kuwa ni mtu wa kompyuta, ataanza kukuhubiria klasi mzazi na klasi mtoto na mambo ya kurithi. Tulia. Klasi mzazi haivimbi miguu. Nitataja programu kwa sababu kosa lilifanyikia ndani ya programu, basi.

Nilianza kuiandika mwaka uliofuata kifo cha baba yako. Tulipomzika ulikuwa mdogo. Pengine unalikumbuka basi, na pengine unaukumbuka mkono wa Mzee Athumani, kwa sababu ndiye aliyekushika safari nzima mpaka Bungoma. Yeye Mwislamu, hakuwa na jamaa hata mmoja huko, lakini alisema mwanachama hazikwi na watu wa damu yake peke yao. Hukumbuki yaliyonipata mimi. Nilitaka tumzike baba yako upesi, bila makeke, nirudi nilie nikiwa nimejifungia. Wazee wa ukoo na wazee wa chama wakanijibu kitu kimoja: hivi ndivyo inavyofanywa. Kwanza mikutano ya jioni, kila jioni, chai na mkate kwa umati. Kisha kamati. Kisha basi, kisha mkesha. Nilikaa kwenye kona ya nyumba yangu mwenyewe nikisikiliza siku ya kumzika mume wangu ikipangwa na watu waliokuwa wakibishania hema. Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kumwambia mtu, na wewe ndiye wa kwanza.

Sasa tazama ujinga wa binadamu. Chama kiliponiomba niwaandikie programu ya kutangaza misiba kwenye simu, maana nilikuwa nimejifunza kazi hiyo polepole kwenye saiba ya kukodisha kompyuta niliyokuwa nikiisimamia Huruma, niliuchukua utaratibu uleule ulionitesa nikauandika hatua kwa hatua. Kifungu kikuu cha programu, yaani klasi mzazi, nikakiita Msiba. Ndani yake nikaweka tangaza, mbinu inayotuma ujumbe kwa wanachama wote. Na kabla ya kutuma, tangaza huiita ratibu, mbinu inayoamua watu wakutane lini na marehemu azikwe lini. Tangaza nikaiacha wazi. Ratibu nikaifunga kwa neno private, asiiguse mtu.

Unakumbuka nilivyokufundisha milango hiyo? Nilikuambia bomba la uani ni la kila mtu, hiyo ndiyo public. Sufuria za nyumba hii ni za watoto wa nyumba hii, hata wakihamia kwao, hiyo ndiyo protected. Na kilicho chini ya godoro langu ni changu peke yangu, hata mtoto niliyemzaa hakijui, hiyo ndiyo private. Ukacheka ukasema, "Lakini mathe, hapa kwetu private iko wapi? Ni pazia tu." Ulisema kweli kuliko ulivyodhani. Mtu aliyelea mtoto kwenye chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, siku akipewa neno la kufungia kitu, hulitumia kila mahali. Nilifunga hata visivyohitaji kufungwa. Ilinipa raha fulani, sikatai.

Miaka ikapita na programu ikafanya kazi, kwa sababu waliokufa walikuwa wa kwetu, watu wa magharibi, na wa kwetu wanazikwa jinsi ileile. Kisha familia za Kiislamu zikawa nyingi chamani, na Mzee Athumani akasimama mkutanoni na kofia yake mkononi. "Sisi hatungoji," akasema. "Mtu akifa asubuhi, alasiri yuko kaburini. Hiyo mashine ya Mama Wafula inalijua hilo?" Watu wakacheka. Mwenyekiti, Mzee Ouma, akanitazama mimi. Mimi nikakutazama wewe, uliyekuwa umefunga chuo na kushinda kitandani.

Nikakuambia uandike klasi mtoto inayoirithi Msiba, na ndani yake uandike ratibu yako ya Kiislamu, ili msiba ukiwa wa kwao yako ndiyo ifuatwe badala ya yangu. Sikukuonyesha maandishi yangu. Nilikupa faili lililokwisha kufungwa, la kutumia tu, nikakutajia jina la mbinu kwa mdomo. Niliyaonea haya yale maandishi ya zamani, halafu yalikuwa yangu. Wewe ukaenda kwa Mzee Athumani mwenyewe, ukakaa naye nje ya mlango wake ukimuuliza. Akifa usiku je? Akifa Ijumaa kabla ya swala je? Jamaa wakiwa mbali je? Ulirudi umeshiba kahawa na majibu, ukaandika kazi safi.

Kisha ukanijia. Nilikuwa na kompyuta ya mteja mmoja mwenye duka la jumla imelala wazi mezani, skrubu kila mahali, na yeye anapiga simu kila baada ya muda mfupi.

"Mathe, hii kitu inanikatalia."

"Inasema aje?"

"Nimeweka ile sign ya override juu ya ratibu. Inasema huko juu hakuna kitu ya ku-override."

"Itoe hiyo sign."

"Nitoe tu?"

"Ni mapambo hayo. Itoe, itanyamaza."

Ukaitoa, ikanyamaza. Sikuinua hata kichwa.

Hayo maneno nimeyarudia moyoni mara nyingi tangu siku ile, nikiosha vyombo, nikiwa kanisani. Ile alama si mapambo. Kuiandika ni kusema mbele ya mashine, bila kujificha: hapa nabadilisha kazi ya aliyenitangulia. Na mashine hukagua. Ikikuta kwamba huko juu hakuna kitu cha namna hiyo kilichoachwa wazi kwako, inakukatalia, na inafanya hivyo kwa faida yako. Siku ile ilikuwa inakuambia ukweli wote: kwamba ratibu ya mama yako huifikii, na hiyo yako ni kitu kipya kabisa, kilichofanana nayo jina tu. Tangaza ilikuwa yangu na ingeendelea kuiita ratibu yangu, bila habari kwamba yako ipo. Ulipoijaribu yako peke yake ilijibu sawasawa, kwamba maziko ni leo baada ya alasiri, ndiyo maana ulilala usingizi. Mashine ilikuonya, wewe ukaja kuniuliza kama mtoto mwenye adabu, na mimi nikakufundisha kuinyamazisha.

Mzee Athumani alifariki Jumanne asubuhi. Katibu akaingiza jina, akachagua klasi yako, akabonyeza. Ujumbe ukafika kwenye simu zetu: mkutano wa maandalizi ni Ijumaa jioni, siku ya mazishi itatangazwa. Waliokuwa viwandani wakairudisha simu mfukoni wakaendelea na shifti. Mimi niliusoma nikiwa Huruma kwa mteja. Mimi, niliyeishi na Waislamu ukuta kwa ukuta tangu nije Nairobi, nilisema maskini Mzee Athumani, nikaendelea na kazi yangu. Zamani angepita mtu mlango kwa mlango na tungejua. Lakini tulikuwa tumezoea kuiamini simu, na aliyetuzoesha ni mimi.

Walimzika alasiri ile, makaburini Kariokor, wapwa zake na watu wa msikitini. Mtu aliyesindikiza majeneza yetu mpaka Bungoma na Siaya hakupata hata mmoja wetu, sisi watu wa magharibi, wa kumwekea udongo.

Na Ijumaa sisi, ambao tangu Jumanne hatukupita kwao kwa kuingoja siku iliyotajwa, tukafika na viti vya plastiki. Hilo silisahau. Tulikuwa tumevibeba kutoka kanisani, tumevipanga vizuri uani, Mzee Ouma amevaa koti. Mama Rukia, mjane wake, alikuwa ameanza eda, hakutoka. Alisema akiwa ndani, nyuma ya pazia la mlango, "Viti vya nini, jamani? Tulimzika Jumanne." Hakupandisha sauti. Tukavikusanya viti vyetu tukarudi navyo, na njia nzima vilikuwa vinagongana.

Kesho yake uliniomba maandishi yangu, na safari hii nikakupa. Ulisoma mpaka mwisho. "Mathe, hii uliilock," ukasema. Nikakujibu, "Si ungeuliza." Ulikuwa umeuliza.

Na Jumapili, mkutanoni, Mzee Ouma akataka kujua sehemu ya Waislamu iliandikwa na nani. Nikasema, "Wafula." Neno moja, tena halikuwa uongo. Ulikuwa umeketi nyuma yangu na nikangoja useme. Ningekuwa mkweli ningesema niliomba usiseme. Nilikuwa na wateja watatu ndani ya chumba kile, na nikawaza, ni nani atampa kazi mwanamke ambaye programu yake inawakosesha watu maziko? Nikajiambia wewe ni kijana, kijana husamehewa. Kisha mtaa ukakupa jina, Itatangazwa. Nilikuwa nalisikia nikiwa ndani, dukani pale mbele. "Niaje, Itatangazwa! Ugali ni leo ama itatangazwa?" Na wewe ulikuwa unacheka pamoja nao, ukichukua maziwa unarudi nyumbani. Nami sikutoka nje kusema lolote.

Unajua kinachonichosha zaidi? Si kwamba nilikosea. Programu hukosewa, na wewe utakosea nyingi, Kisumu wakushukuru au wakufukuze. Kinachonichosha ni kwamba nilijua uchungu wa kuambiwa hivi ndivyo inavyofanywa. Nilikuwa nimeketi kwenye kona ile. Na nilipopata nafasi mimi ya kuandika jinsi inavyofanywa, nikaiandika, nikaitia kufuli, nikawaambia watu wa imani nyingine kwamba wameachiwa nafasi yao. Hawakuwa wameachiwa chochote. Walikuwa na klasi yenye jina lao na maziko ya Bungoma ndani yake.

Huko unakokwenda watakupa kazi zilizoandikwa na watu usiowajua, na wewe utaandika nyingine zitakazorithiwa na watu usiowajua. Sina amri ya kukupa. Mimi mwenyewe bado nafunga vitu, na vingine vinastahili kufungwa. Namba za simu za wanachama, kwa mfano, sioni kwa nini kila mtu azishike. Lakini siku ya kumzika mtu haikuwa yangu kuifunga, kwa sababu niliijua ya kwetu tu. Siku hizi kabla sijaandika neno lile la private najiuliza kama nalinda kitu au nakumbatia tu. Mara nyingi nakuta nakumbatia.

Kuna ile sheria nyingine iliyokuwa ikikukera, kwamba kilichoachwa wazi kwa mzazi mtoto hana ruhusa ya kukifunga. Ulisema ni uonevu. Nikakueleza kwamba mtu aliyeahidiwa mlango wazi asije akakuta kufuli eti kwa sababu ameingia kupitia kwa mtoto. Hiyo niliifundisha vizuri. Kuna siku nilikuwa mlango wazi kwako, ulikuwa unaniuliza lolote, hata mambo ya wasichana, tukicheka mpaka majirani wanagonga ukuta. Baada ya Jumapili ile nilijifunga. Wewe ulikuwa unakuja mpaka kwenye pazia unasimama, halafu unarudi. Nilikuwa nakiona kivuli chako. Nisamehe kwa kila mara uliyorudi.

Leo nimesema. Ulikuwa umekataa kuja chamani na sikukulaumu. Nilisimama kabla hawajafika kwenye habari ya hema jipya, nikasema kosa la Mzee Athumani ni langu, kwamba kijana aliandika sawa, kwamba mashine ilimwonya na mimi nikamwambia asiisikilize. Nilijiandaa kwa kelele. Mzee Ouma akauliza, "Kwa hivyo ni nyinyi wawili?" Nikamwambia hapana, ni mimi mmoja. Mama mmoja nyuma akasema, "Na mbona umekaa nayo muda huo wote?" Nikamwambia niliogopa. Akasema, "Haya." Wakaamua ujumbe ukitumwa, mtu apite pia mlango kwa mlango kama zamani, kisha wakaendelea na habari ya hema. Ilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani, na hilo peke yake liliniumiza, kwamba ningeweza kulisema mapema.

Jana nilikuwa nimekwisha kuirekebisha programu. Kwangu nilibadilisha neno moja, private likawa protected. Kwako niliirudisha ile alama mahali ulipokuwa umeiweka. Kazi yako nyingine sikuigusa hata herufi. Nikaendesha tangaza kwa jina la kubuni, nikaandika amefariki asubuhi, siku ya Jumanne. Ikajibu: maziko ni leo, baada ya swala ya alasiri. Ile uliyoiandika kwa kukaa na Mzee Athumani ilikuwa sahihi tangu siku ya kwanza, Wafula. Nililia pale mezani, si kidogo.

Baada ya mkutano nikaenda kwa Mama Rukia, maana yeye hatoki na nisingetaka alisikie kwa watu. Alinipa kiti na chai. Nikamwambia yote, ratibu na kufuli na alama, kwa maneno ya kawaida, na alinisikiliza akiviringisha ushungi wake kidoleni. Nilipomaliza aliniuliza, "Mama Wafula, kijana hajakuambia?"

"Hajaniambia nini?"

"Alikuja hapa. Ile Jumamosi, baada ya nyinyi kuja na viti. Alisimama mlangoni, hakuingia, anajua niko eda. Akasema, Mama Rukia, ile message ni mimi. Niliiandika vibaya, mathe hakuwa anajua. Akaomba radhi mpaka akalia."

Ile Jumamosi. Kumbe ulikuwa umeshasoma maandishi yangu. Ulikuwa umeshaliona lile neno nililoliandika, na nilikuwa nimeshakuambia ungeuliza, na ukatoka nje ya mlango wetu ukaenda kumwambia mjane kwamba mama yako hakuwa anajua. Na kesho yake ukaketi nyuma yangu mkutanoni, nikatamka jina lako, na hukushangaa.

Mama Rukia akasema, "Mimi nilishamsamehe. Sasa nilimsamehe nini?" Nikamwambia anipe mimi huo msamaha. Akatikisa kichwa. "Huo ni wa kwake, simnyang'anyi mtoto. Wewe ngoja wako." Akanimiminia chai tena. Sijui atanipa lini, na sina haki ya kumharakisha.

Atakutaka upite kumuaga kesho kabla hujaenda kupanda gari, na atakuuliza kwa nini ulijisingizia. Mjibu unavyotaka. Lakini kwangu mimi, usilifanye tena. Najua ulidhani unanisitiri, na najua nimekulea ukiniona nikianguka mara nyingi mno, ukajifunza kukimbia kunikinga. Mtu asiyebebeshwa kosa lake halirekebishi, na mimi ningekufa nikiwa na kufuli lile mahali pake. Ukiwa Kisumu ukisikia mtu ananitaja vibaya kwa kitu nilichokifanya, mwache anitaje. Nimechoka, mwanangu, lakini sijachoka kiasi cha kubebewa kosa langu na mtoto niliyemzaa.

Mama yako